Wanjau, Ojwang' na ufundi wa kuvaa lafudhi ya mwenzako

Majuzi nilikuwa nyumbani Siongiroi, Kaunti ya Bomet, kwa mapumziko mafupi. Jioni moja nilikuwa nimeketi nje na kibuyu changu cha mursik aliponijia mjukuu wangu, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule moja ya eneo letu. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Agui, mimi naacha drama," akasema hata kabla ya kuketi.

"Kwani kumeenda aje?"

"Nilitaka kuwa hakimu. Mwalimu akasema hakimu hawezi kuongea hivi. Nimepewa soja wa gate. Ati niongeze Kikale ndiyo watu wacheke."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Maneno hayo yalinirudisha nyuma zaidi ya miaka hamsini, darasani, siku niliyoambiwa nisimame nisome kwa sauti habari za bata wa babu. Kilichonitoka kinywani kilikuwa "pata wa papu". Darasa zima liliangua kicheko, mwalimu naye akajiunga. Muhula mzima uliofuata sikuinua mkono. Leo mimi ni profesa wa lugha hiyo hiyo, lakini kicheko kile bado nakisikia.

Basi wiki hii, msomaji wangu, naomba tuliangalie suala la lafudhi kupitia kwa mtu mmoja aliyeifanya kazi yake ya maisha. Mtu huyo ni marehemu Benson Wanjau, ambaye Wakenya wengi walimjua kwa jina moja tu: Mzee Ojwang'.

Tuanze na istilahi, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Lahaja ni aina ya lugha inayotumiwa na jamii au eneo fulani, yenye msamiati na sarufi yake kwa kiasi fulani. Kimvita, Kiamu na Kiunguja ni lahaja za Kiswahili. Matamshi ni namna sauti zinavyotolewa kinywani. Lafudhi nayo ni ile rangi ya jumla ya usemi wa mtu ambayo humfichua alikotoka: namna anavyozitamka sauti, anavyopandisha na kushusha kidatu, anapotia mkazo na anapopumua. Hakuna msemaji asiyekuwa na lafudhi. Mwenyeji wa Mvita anayo, Mnyamwezi wa Tabora anayo, na mtangazaji wa runinga unayemdhania hana, anayo pia, ila ni ile ambayo masikio yetu yamezoeshwa kuiheshimu.

Sasa, Wanjau. Alizaliwa mwaka wa 1937 na akaaga dunia tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi. Alijulikana kwanza kupitia kipindi cha Darubini mapema katika miaka ya 1980, kisha katika Vitimbi na Vioja Mahakamani, vipindi vilivyokuwa nguzo za burudani ya Kiswahili tangu enzi za Sauti ya Kenya hadi shirika hilo lilipobadilishwa jina kuwa KBC mwaka wa 1989, na miaka mingi baadaye. Katika Vitimbi, mkewe alikuwa Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Wawili hao waligombana na kupatana mbele ya taifa kwa miaka mingi kiasi kwamba watazamaji wengi waliamini kwa dhati kuwa ni mume na mke.

Wala hilo halikuwa kosa la pekee. Wengi waliamini pia kwamba Mzee Ojwang' ni Mjaluo. Wanjau alikuwa Mgikuyu, kama jina lake linavyoashiria. Alipofariki, wapo waliopigwa na butwaa kusikia hivyo. Vyombo vya habari havikuwa na la kufanya ila kutangaza kuwa Mzee Ojwang' amefariki. Wangesema Benson Wanjau amefariki, watu wangeuliza, "Huyo naye ni nani?"

Hapa ndipo kuna somo la fasihi. Tunapofundisha tamthilia huwa tunamtenganisha mwigizaji na mhusika. Mwigizaji ni mtu wa nyama na damu, anayepanda matatu na kulipa kodi ya nyumba. Mhusika ni kiumbe wa sanaa anayeishi ndani ya mchezo tu. Wapo waigizaji ambao tunakwenda kuwatazama wao wenyewe, kwa sura zao na umaarufu wao. Hao ndio nyota, au mastaa kama vijana wanavyosema. Lakini ipo aina nyingine, yule anayeitwa kazini kwa sababu anaweza kuwa mtu mwingine kabisa: mzee msumbufu, shangazi mwenye maneno, karani mla rushwa. Huyo mimi hupendelea kumwita mwigizaji wa uhusika. Akiifanya kazi yake sawasawa, mhusika humla akammaliza. Wanjau aliliwa na Ojwang'.

Je, alifanyaje? Jibu liko katika fonolojia, na ndiyo maana nasema kazi ile ilikuwa ngumu kuliko tulivyodhani tulipokuwa tukishika mbavu.

Chukua Mgikuyu wa kawaida anayejifunza Kiswahili. Lugha yake haina sauti /l/, kwa hivyo "lala" hukaribia kuwa "rara". Sauti /ch/ humponyoka ikawa kama /sh/, na "chakula" ikawa "shakura". Aidha, Gikuyu hupenda kutanguliza nazali mbele ya /b/, /d/ na /g/, ndipo "gari" linapokuwa "ngari".

Sasa mwangalie Mjaluo. Dholuo inazo /l/ na /r/, na inazitofautisha vizuri. Ina /ch/ pia. Isichokuwa nacho ni /sh/, /z/ na /v/. Kwa hivyo "shamba" huwa "samba", "shida" huwa "sida", "mzee" huwa "msee", na "kuvuka" huwa "kufuka". Isitoshe, Dholuo ni lugha ya toni, na irabu zake ni zaidi ya zile tano tulizo nazo katika Kiswahili. Mambo hayo huupa usemi wa Mjaluo wimbo wake maalumu.

Linganisha orodha hizo mbili, msomaji, utaona kwamba haziingiliani kabisa. Mitego hiyo ya Mgikuyu iko pale ambapo Mjaluo hupita salama, na ile ya Mjaluo ni mingine. Ili awe Ojwang', Wanjau alihitaji kuzifungia ndani sauti alizonyonya kwa mamake na kuzitoa nje zile za jirani, kipindi baada ya kipindi, huku akikumbuka mistari yake na kuwachekesha watu. Kosa moja tu, "rara" moja, na Ojwang' angevuliwa nguo hadharani.

Hata jina lenyewe lilikuwa na mtihani wake. Magazeti mengi huandika Ojwang bila ritifaa, lakini sauti ya mwisho ni ile ya ng' katika neno "ng'ombe". Kiswahili kinayo sauti hiyo, ila hakiruhusu imalize neno, kwa kuwa silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu. Ndiyo sababu Waswahili wengi husema "Ojwangi". Sisi Wakipsigis hatuna taabu nalo. Jina Kipsang, ambalo nalo huandikwa bila ritifaa, huishia kwa sauti hiyo hiyo. Nakumbuka nikimwambia hivyo rafiki yangu mmoja wa Kisumu tukiwa wanafunzi, akacheka akasema kumbe sisi ni ndugu wa ng'.

Fauka ya sauti, kuna vihisishi. Mtu akishtuka, hashtukii lugha ya shuleni. Hushtukia lugha ya nyumbani. "Wololo yaye!" ya Ojwang' ilikuwa ikitoka kabla hajapata wasaa wa kufikiri, na hapo ndipo mtazamaji aliposadiki. Mwanafunzi wa uigizaji anaweza kukariri konsonanti kwa wiki moja. Kujifunza jinsi watu wa jamii nyingine wanavyoguna, wanavyofyonza na wanavyonyamaza huchukua miaka ya kuishi nao na kuwasikiliza.

Sasa turudi kwa swali la mjukuu wangu, ambalo kwa kweli ndilo swali kubwa. Kama Wanjau aliiga lafudhi ya kabila lisilo lake na taifa likampenda, kwa nini mwalimu anayemwambia mtoto "ongeza Kikale" awe amekosea?

Nchini mwetu jambo hili si mchezo. Lafudhi imewahi kutumiwa kumkejeli mtu, kumnyima kazi, na katika nyakati mbaya zaidi, kumtambua ili adhuriwe. Ndiyo maana wapo wanaosema vichekesho vya kikabila vipigwe marufuku kabisa. Siungani nao. Lakini pia siungani na wanaosema "ni mchezo tu". Nionavyo mimi, tofauti iko katika swali moja: ukiiondoa lafudhi, kinabaki nini?

Mwondolee Ojwang' lafudhi yake. Anabaki mzee mwenye kiburi kidogo, mjanja anayenaswa na ujanja wake mwenyewe, mume anayemwogopa mkewe ilhali anajifanya simba. Ana analolitaka, ana anachokiogopa, ana heshima yake anayoipigania. Yuko nyumbani kwake, hajawekwa pembeni ya hadithi ya mtu mwingine. Lafudhi ilikuwa vazi lake, na ndani ya vazi hilo mlikuwa na mtu. Ndiyo sababu Wajaluo niliosoma nao walikuwa wa kwanza kucheka, na walikuwa wakimwita "mzee wetu".

Vioja Mahakamani navyo vilikuwa na Ondiek Nyuka Kwota, Makokha, Otoyo na Tamaa bin Tamaa, kila mmoja na Kiswahili chake. Kortini mle hapakuwa na msemaji mmoja aliyewekwa achekwe na wengine wote. Karibu kila aliyesimama kizimbani alikuja na rangi ya kwao. Kiswahili kilikuwa cha wote, na hakuna aliyelazimika kukisema kama Mmvita ndipo aruhusiwe kujitetea.

Nasi watu wa huku tulipata wetu. Katika Vitimbi alitokea Masanduku arap Simiti, mhusika aliyeigizwa na Sammy Muya. Wanafunzi wangu huulizwa kuhusu majina ya majazi katika mtihani, na huwa nawapa mfano huu. "Arap" ni "mwana wa" katika Kikalenjin, na hutumiwa kwa heshima kwa mwanamume aliyetahiriwa. Lakini "masanduku" na "simiti" ni maneno ya dukani. Mchekeshaji alichukua mfumo wetu wa majina akautia bidhaa. Miaka hiyo huku Siongiroi runinga zilikuwa chache, na ile tuliyoitazama iliendeshwa kwa betri ya gari. Mzee mmoja jirani yetu alimtazama Masanduku kwa makini, kisha akauliza kwa uzito wote, "Sasa hawa wa Simiti ni wa oret gani?" Oret ni ukoo. Tulicheka hadi betri ikaisha. Mzee yule hakuona kejeli. Aliona mtu ambaye lazima awe na ukoo mahali fulani.

Sasa mwondolee lafudhi yule soja wa lango katika mchezo wa shule. Nilimwomba mjukuu wangu anionyeshe mistari yake. Alikuwa na mistari minne. Anafungua lango, anatamka neno vibaya, anakaripiwa, anafunga lango. Ukiiondoa lafudhi, hakibaki kitu. Hana jina. Hana analotaka. Huyo si mhusika, hata yule bapa tunayemfundisha darasani. Ni kengele ya kuwaamsha watazamaji wacheke.

Nisieleweke vibaya. Simlaumu mwalimu yule peke yake. Runinga imemfundisha kwamba lafudhi ya mashambani ni ya mlinzi, yaya na mpishi, na kwamba daktari, wakili na hakimu huzungumza Kiswahili kisichokuwa na kwao. Ukiniuliza nimesikiliza mahakimu wangapi katika maisha yangu, nitakwambia ni wengi, na kila mmoja alikuwa na lafudhi ya kwao. Hukumu zao zilisimama vilevile.

Kuna uwanja mwingine ambapo jambo hili linaonekana waziwazi zaidi, nao ni uigizaji wa sauti. Jukwaani mwigizaji ana mwili mzima. Kwenye runinga ana uso na macho. Redioni hana chochote ila koo lake. Radio Tanzania ilianzisha mchezo wa Twende na Wakati mwaka wa 1993 ili kuelimisha umma kuhusu UKIMWI na uzazi wa mpango. Mhusika wake aliyekumbukwa zaidi alikuwa Mkwaju, dereva wa lori la masafa marefu mwenye wanawake kila kituo. Hakuna aliyemwona. Hata hivyo, wasikilizaji walimjua Mkwaju kama jirani, wakamkasirikia, wakaonyana kwa jina lake. Sauti peke yake ilibeba umri, tabia, uchovu wa safari na uongo wa mdomoni.

Kisha mwaka wa 2011, televisheni ya TBC nchini Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu mke kijana aitwaye Doudou na masaibu yake na wakwe zake. Ilikuwa imetiwa sauti za Kiswahili. Watu walivutiwa kiasi cha kufuatilia kila sehemu. Tangu hapo kazi ya kutia sauti imekuwa ajira kwa vijana wa Afrika Mashariki, na wengine wameshindanishwa na kupelekwa hadi Beijing. Fikiria tatizo la lugha lililopo hapo: mama mkwe wa Kichina azungumze Kiswahili cha wapi? Akisema kama mtu wa Tanga, basi amekuwa mtu wa Tanga. Akisema bila rangi yoyote, amekuwa mtangazaji wa taarifa ya habari. Mwigizaji wa sauti lazima achague kwao mhusika anakotoka, hata kama mhusika hakuwahi kufika Afrika.

Tanga nimeitaja kwa makusudi. Amri Athumani, aliyejulikana kama King Majuto, alizaliwa huko mwaka wa 1948 na akafariki tarehe 8 Agosti 2018. Alianzia jukwaani akaja kuwa gwiji wa filamu za vichekesho. Yeye alikuwa kinyume cha Wanjau: hakuazima lafudhi, alikwenda kila mahali na ya kwao. Ukiwaweka wawili hao bega kwa bega unapata jibu la mjukuu wangu. Mmoja alivaa sauti ya jirani kwa heshima, mwingine akavaa yake mwenyewe bila aibu. Hakuna kati yao aliyechekesha kwa sababu "hajui Kiswahili". Walichekesha kwa sababu walikijua mno.

Ninapomaliza, niseme neno kuhusu riziki. Wanjau alipozeeka, macho yalimsumbua, na Wakenya walichanga fedha ili atibiwe. Ulikuwa upendo mkubwa, lakini ulinihuzunisha. Mtu aliyelipa taifa somo la lugha kwa takriban miongo mitatu hakupaswa kufikia hatua ya kuchangiwa. Tunapoimba sifa za Kiswahili kila tarehe 7 Julai, tuwakumbuke pia waliokifanya kitamu sebuleni mwetu. Mshairi tunamsoma vyuoni. Mwigizaji wa uhusika tunamcheka, kisha tunamsahau pamoja na jina lake.

Jioni ile sikumhutubia mjukuu wangu yote haya. Nilimsimulia habari za Wanjau, kisha nikamwambia kuhusu Mmarekani James Earl Jones, aliyekuwa na kigugumizi utotoni hadi akakaa miaka mingi karibu bila kusema neno mbele za watu, na ambaye baadaye sauti yake ilitumiwa kwa mfalme Mufasa katika filamu ya The Lion King ya mwaka wa 1994. Akaniuliza, "Na yeye walimcheka?"

"Walimcheka," nikamjibu.

Akaingia ndani akatoka na karatasi zote za mchezo, si ile yake peke yake. Akasimama mbele yangu akaanza kusoma maneno ya hakimu. "Mahakama hii imesikiliza pande zote mbili." Ile b ya "mbili" ilitoka vizuri kabisa, kwa kuwa imetanguliwa na m, na ndimi zetu huiweza hapo. Alipofika kwenye "barua", ikatoka "parua". Alisita, akanitazama.

"Endelea, mheshimiwa," nikasema.

Aliendelea. Jumatatu iliyofuata alirudi shuleni akamwomba mwalimu amsikilize mara moja tu akisoma sehemu ya hakimu. Mwalimu amekubali kumsikiliza. Matokeo sijayapata. Lakini kwa wakufunzi wote wa drama mnaosoma safu hii, nina ombi moja kabla ya kugawa sehemu muhula huu. Fungeni macho, msikilize mtoto anasema nini kabla ya kusikiliza anatoka wapi.